Tuache Kununua Tulichopewa Bure

Hakuna jambo linaloniudhi katika Pwani yetu leo kuliko kumwona mtu mzima, mwenye akili zake na watoto wake, akitoa shilingi mfukoni kumpa dalali ili aambiwe jambo ambalo sheria imeilazimisha serikali kumwambia bure. Anamlipa mtu amwonyeshe afisi ya kitambulisho. Anamlipa mwingine amweleze basari ya kaunti inafungwa siku gani. Anamlipa wa tatu, tena kwa kunong'onezana chini ya mwembe wa afisi, amchungulilie faili la shamba la babake. Kisha jioni yuko barazani na kikombe cha kahawa, analalamika kwamba Pwani imesahauliwa.

Naandika haya kwa uchungu, na najua wako watakaokasirika. Na wakasirike. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Sina haja ya kumthibitishia mtu yeyote hapa kwamba kuficha haki ya mwenzio ni dhambi. Aliyelelewa msikitini anajua, na aliyelelewa kanisani anajua. Habari inayohusu haki ya mtu ni amana mikononi mwa karani, na karani aliyelikalia tangazo mpaka siku zake zikapita amekula amana hiyo, hata kama hakupokea senti moja. Hilo halina mjadala. Lakini leo sianzi na karani. Zamu yake itafika. Naanza na sisi wenye amana, kwa sababu mla amana hunenepa pale mwenyewe anaponyamaza.

Sisi watu wa Pwani tulipaswa kuwa wa mwisho katika Kenya nzima kupuuza tangazo la serikali. Mwaka 1908 wakoloni walitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wetu wa maili kumi. Kila mwenye kudai ardhi aliambiwa apeleke madai yake na ushahidi wake kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Wenye elimu ya makaratasi na wenye jamaa afisini walijua, wakaenda, wakaandikisha. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima mashamba yenye makaburi ya wazee wao hawakujua kwamba kuna daftari limefunguliwa, sembuse kwamba litafungwa. Wajukuu wao ndio hao tunaowaita maskwota hii leo, Kilifi na Kwale, juu ya ardhi waliyozaliwa. Sisemi kosa lilikuwa lao. Kosa lilikuwa la aliyeandika sheria kwa lugha wasiyoijua na kuitangaza mahali wasipofika. Ila sisi tuliopelekwa shule, wenye simu mikononi na Katiba inayotutetea, tuna udhuru gani?

Wala tusidanganyane kwamba makaratasi ni mambo ya Wazungu. Wazee wa Pwani hii waliandika mikataba, wasia na wakfu kwa herufi za Kiarabu kabla Mwingereza hajatia nanga Kilindini. Dini imetuamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe. Na pale Mombasa, mwaka 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 akatoa la Al-Islah, ili mtu wa kawaida apate kusoma mambo yanayomhusu kwa Kiswahili chake. Alikuwa mwanachuoni mkubwa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, lakini hakuona kazi ya kuwaandikia watu wa sokoni kuwa ndogo. Hao ndio wazee wetu, na hiyo ndiyo damu yetu. Basi vipi leo tunapitishiana picha za harusi usiku kucha, na tangazo la kaunti la ukurasa mmoja linatushinda kulisoma mpaka mwisho?

Sikilizeni sheria inavyosema, maana wengi hatuijui na anayeijua anaiuza. Katiba ya 2010, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwaka 2016 Bunge likatunga Sheria ya Upatikanaji wa Habari ili kuonyesha njia yake. Unaandika ombi lako kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Asiyejua kuandika, afisa anatakiwa kumsaidia mpaka ombi lake liandikwe. Si lazima ueleze habari hiyo unaitakia nini. Hulipi chochote kwa kuomba. Gharama yako ni ya nakala tu. Afisi ina siku 21 za kukujibu, na inaweza kuziongeza mara moja tu, kwa siku 14, ikiwa jambo lenyewe ni kubwa. Likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ukikataliwa au ukinyamaziwa, unapeleka shauri lako kwa Tume ya Haki ya Utawala. Katika sheria hiyo yote dalali hana nafasi.

Nisieleweke vibaya. Kijana wa saiba anayekupigia chapa fomu yako na kuituma kwa mtandao amefanya kazi, na ujira wake ni halali. Ninayemsema ni yule anayekuuzia habari yenyewe, na zaidi ninamsema anayeinunua. Madalali hawa hawakuanguka kutoka mbinguni. Sisi ndio tuliowalea, kwa uvivu wa kusoma na kwa woga wa kuuliza. Kuuliza si ujinga. Tumeuimba msemo huo tangu darasa la kwanza, kisha tukifika dirishani mwa afisi tunatetemeka.

Tena wengi hatujui hata mlango wa kubisha. Tangu mwaka 2013 Mkoa wa Pwani si mkoa tena, ni kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Mtu anafunga safari kutoka Garsen mpaka Hola kumlilia gavana kwa sababu ya kitambulisho, na kitambulisho hakiko kwa gavana, kiko kwa serikali kuu. Mwingine anamgombeza chifu kwa dawa zilizokwisha zahanati, na zahanati ni ya kaunti. Anasukumwa huku, anasukumwa kule, na dalali amesimama katikati anamngoja. Karibu na mlango wa kila afisi ya umma panatakiwa kuwa na ubao unaotaja huduma, masharti yake, ada yake na muda wake. Mahali pengi upo. Simama uusome! Ukiona pameandikwa kwamba huduma ni bure, kisha ukaombwa kitu kidogo, mwonyeshe anayekuomba ule ubao, tena kwa sauti ya kusikika na waliokufuata kwenye laini.

Chukueni jambo la watoto. Mtoto akizaliwa nyumbani, naibu wa chifu ndiye wa kumwandikisha, na akiandikishwa ndani ya miezi sita kazi ni nyepesi. Miezi sita! Lakini baba anangoja mpaka mtoto afike darasa la mtihani, mwalimu adai cheti cha kuzaliwa, ndipo mbio zinaanza. Kutafuta mashahidi, kutafuta kadi ya kliniki iliyoliwa na mchwa, na mwisho kumtafuta dalali. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na hapa mwana ni wako kweli, ila serikali haimjui.

Na liko jambo jingine ambalo nawaomba wenye mashamba na nyumba walitie akilini. Kila Ijumaa hutoka Gazeti Rasmi la Serikali. Humo msajili wa ardhi hutangaza kwamba hati ya kiwanja fulani imepotea, na kwamba baada ya siku 60 atatoa hati mpya asipotokea mwenye pingamizi. Humo hutangazwa pia maombi ya mirathi yaliyofikishwa mahakamani, na mwenye kupinga hupewa siku 30. Hebu fikirini: hati halisi imo kabatini kwa nyanya, imefungwa ndani ya leso, na tapeli amekwisha kuapa kwamba imepotea. Tangazo linatoka. Familia nzima iko, wamo waliofika chuo kikuu, na hakuna aliyelifungua gazeti. Siku zinahesabika moja moja mpaka zinaisha. Barua ya kuwahamisha ikifika, ndipo tunapokimbilia redioni kulia kwamba tumeonewa. Tumeonewa, naam, lakini tulipigiwa mbiu nasi tukalala. Gazeti lile husomwa bure kwenye intaneti. Kila msikiti na kila kanisa lina vijana waliosoma. Mmoja tu akipewa kazi ya kulipitia na kutafuta namba za viwanja vya mtaa wake, ataokoa nyumba nyingi kuliko wakili.

Sasa zamu yenu, maafisa. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa nini basi mnamtangazia mama wa Magarini bajeti yake kwa Kiingereza, kurasa zisizohesabika, mkaziweka kwenye mtandao asioufikia na mkahesabu kwamba mmemjulisha? Mliapa kuwatumikia watu hawa. Mshahara wenu hutoka katika ushuru wa sukari yake na mafuta yake ya taa. Nimeona kwa macho yangu tangazo la basari limebandikwa nyuma ya mlango wa afisi, pale ambapo mlango ukifunguliwa wazi tangazo halionekani, na siku ya mwisho ilikuwa imekwisha pita. Afisi hiyo siitaji. Wenyewe wanajijua, na Mwenyezi Mungu anawajua. Binti aliyepaswa kulisoma tangazo lile alikaa nyumbani muhula mzima.

Haki nayo isemwe. Wako watumishi wema, na si wachache. Tangu Huduma Centre zilipoanza mwaka 2013, mtu anaweza kuingia jengo moja akamaliza mambo ambayo zamani yangemzungusha mji mzima. Wako manaibu wa machifu wanaopita nyumba kwa nyumba na daftari la vizazi juani, bila pikipiki na bila shukrani. Wako makarani wanaomwandikia bibi kizee barua yake na kukataa hata pesa ya chai. Watu hawa ndio heshima ya serikali, na ningependa wakubwa wao wawajue kwa majina.

Na hapa siwezi kupita bila kusema la pili, ingawa sikulikusudia. Ni hii aibu ya nauli. Sheria inataka wananchi waulizwe kabla bajeti haijapitishwa na kabla mradi haujaanzishwa. Mkutano unaitishwa, watu wanafika, na swali la kwanza linalotoka vinywani mwao ni, "Kuna nauli?" Wanatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, wanapokea shilingi zao na soda, na kabla mradi haujaelezwa nusu ya viti ni vitupu. Je, mnajua sahihi zile huenda wapi? Huwekwa ndani ya faili. Siku mtakapokwenda kortini kusema hamkuulizwa, wakili wa upande wa pili atazitoa, jina kwa jina, na namba za vitambulisho vyenu. Mmeiuza haki ya wajukuu kwa chupa ya soda, tena na risiti mmeiandika wenyewe. Mzazi anayefanya hivi asije akamlaumu mwanawe anayeuza kura.

Watazameni ndugu zetu wa Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wao wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliopata ushindi huo ni wavuvi, akina mama na vijana wa visiwani, watu tunaowaona wapole. Hawakurusha jiwe. Waliidai ripoti, wakaisoma, wakaandika pingamizi, wakaenda mbele ya sheria na karatasi zao mkononi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao waliinama. Pwani yenye watu wa namna hii haina haki ya kujiita mnyonge.

Basi nawaomba jambo moja, na nawaomba kama ndugu. Kila mmoja wenu analo swali lililomkaa rohoni muda mrefu: kiwanja cha shule kiko kwa jina la nani, kisima kilichoahidiwa pesa zake zimekwenda wapi, majina ya waliopewa basari mwaka jana ni yepi. Chukua karatasi. Andika jina lako, anwani yako, habari unayoitaka, na kwamba unaiomba chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Tia tarehe na sahihi. Ipeleke afisini kwa mkono wako, nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, kisha anza kuhesabu siku 21. Asiyejua kuandika amwite mwanawe. Ukijibiwa, wasomee majirani zako jibu hilo barazani; na usipojibiwa, nakala ile yenye muhuri ndiyo utakayoipeleka kwa Tume. Andikeni wiki hii.