Mapatano Kabla ya Mchezo: Itifaki ya Telnet na Irabu Saba za Kinyaturu

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw aliandika MUD, mchezo wa kompyuta unaochezwa kwa maandishi matupu, ambao baadaye uliendelezwa na Richard Bartle. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, jambo la kuvutia katika michezo ya aina hii hutangulia mchezo wenyewe. Seva na programu ya mchezaji hupatana kwanza juu ya yale ambayo kila upande unayaweza: rangi, upana wa skrini, seti ya herufi. Utaratibu huo umetokana na itifaki ya Telnet, iliyofafanuliwa katika hati ya RFC 854 ya Mei 1983. Una kauli nne tu: nitafanya, sitafanya, fanya, usifanye. Ombi la kuanza jambo jipya laweza kukataliwa. Ombi la kuliacha halikataliwi. Pasipo mapatano, pande zote hubaki na herufi za ASCII.

Hadhira ya vitendawili inaufahamu utaratibu wa namna hii, kwani mtegaji hatoi fumbo mpaka ajibiwe "Tega!". Mfanano huo usitiwe chumvi, hata hivyo. Mtegaji na hadhira yake wana lugha moja tangu mwanzo. Seva haina uhakika huo.

Kiswahili sanifu kina irabu tano, na maandishi yake yote, hata ng', yanaenea ndani ya ASCII. Hupita bila kuomba, na pengine ndiyo sababu wanafunzi wake hawalioni tatizo. Kinyaturu cha Singida kina irabu saba, na jirani yake Kinyiramba vilevile. Anayetaka kuzitofautisha zote kwa kuongeza herufi kama ɨ na ʉ ameshatoka nje ya ASCII. Seva ikituma ɨ kwa UTF-8 bila kuuliza, programu inayosoma Latin-1 humwonyesha mchezaji É¨. Fumbo limeharibika kabla halijafumbuliwa.

Njia ya kuuliza ipo tangu Januari 1997: RFC 2066 huruhusu upande mmoja kutaja seti za herufi, wa pili ukachagua moja au ukazikataa zote. Ugumu uko kwenye kukataliwa. Jibu jepesi la mwandishi wa programu ni kugeuza ɨ kuwa i na ʉ kuwa u, mchezo uendelee. Huo ni uamuzi wa kiothografia uliovishwa joho la ufundi, nao hufuta tofauti ambazo mzungumzaji anazisikia. Anayestahili kuutoa ni Mnyaturu mwenyewe. Huenda akaridhia alama nyingine iliyomo katika ASCII. Huenda akaona afadhali kuelezwa wazi kwamba programu yake haiziwezi herufi hizo. Lililo muhimu ni kwamba aulizwe wakati seva inasanifiwa, si baada ya wachezaji kuzoea irabu tano.