Uliza Fedha za Shule



Sasa unajua kusoma na kuhesabu. Je, umesoma ubao wa matangazo wa kijiji chako? Umewahi kuhesabu fedha za shule ya watoto wako? Hiyo si kazi ya mwalimu mkuu peke yake. Ni kazi yako pia.

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa Tanzania Bara. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria ya kuzirudisha. Mwaka 1984 zikaanza kazi tena. Sheria hiyo inautambua Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe, mwanamke na mwanamume. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25.

Mkutano unatakiwa kuitwa kila baada ya miezi mitatu. Hapo mapato na matumizi husomwa. Yasiposomwa, simama, uliza kwa adabu. Usiseme, "Ninavuna alizeti, sina nafasi." Wengi wasipofika, wachache wataamua kwa niaba yao.

Sasa tuhesabu. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Kuanzia Januari 2016, elimu bila ada ilifika hadi kidato cha nne. Serikali ilipanga kutoa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Sehemu ya fedha hizo ni ya vitabu. Tuseme shule ina watoto 400:

400 × 10,000 = 4,000,000

Uliza kamati ya shule: Kiwango cha mwaka huu ni kipi? Fedha zilizofika ni ngapi? Vitabu vilivyofika ni vingapi? Zimetumika kwa kazi gani?

Kuuliza si ugomvi. Huenda fedha zimechelewa, na mwalimu analaumiwa bure. Huenda zimefika, lakini hazionekani. Bila kuuliza huwezi kujua, na mtoto anaendelea kukaa chini.

Jibu lisiporidhisha, mkutano uamue. Hakikisheni uamuzi umeandikwa katika muhtasari. Kisha mpelekeeni diwani wenu, naye aufikishe kwenye halmashauri ya wilaya. Njia ni hiyo hiyo Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni. Ukikaa Singida mjini, anza na mkutano wa mtaa.

Malalamiko ya kilabuni hayaleti dawati. Swali lililoulizwa mkutanoni, likaandikwa, lazima lijibiwe.

Jadilini na wenzako:
1. Mkutano wa mwisho wa kijiji chenu ulifanyika lini?
2. Shule yenu ina watoto wangapi? Madawati mangapi?
3. Nani atauliza katika mkutano ujao?