Chupa ya Oili na Bei ya Injini

Simama asubuhi kando ya barabara pale Tengeru, siku ya soko. Utaona pikipiki zikishuka kutoka Nkoaranga na vijiji vingine vya mlima Meru. Hii imebeba mikungu ya ndizi. Hii imebeba madumu ya maziwa. Ile imembeba mama na mtoto wake mgonjwa.

Sasa zitazame kwa nyuma. Baadhi zinatoa moshi wa bluu. Moshi huo si wa petroli. Ni oili inayoungua ndani ya injini. Ni fedha ya mwenye pikipiki inayopotea angani.

Nyingi za pikipiki hizi ni kuukuu, na injini zake zina silinda moja tu. Zikiharibika, watu husema, "Ni uzee." Mimi sikubali. Maoni yangu ni kwamba injini nyingi hufa kabla ya siku zake. Zinauawa na vumbi, na joto, na oili ambayo haikubadilishwa. Na mara nyingi oili haikubadilishwa kwa sababu watu wawili walikuwa wakibishana nani alipe.

Injini yenye uvumilivu

Katikati ya miaka ya 1970, kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza pikipiki iitwayo CG125. Wahandisi wake walijua kwamba katika nchi nyingi pikipiki hubeba mizigo mizito na hupata matunzo machache. Kwa hiyo waliunda injini rahisi na ngumu. Baadaye viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia Tanzania zina injini ya namna hiyo.

Injini hiyo ni mvumilivu. Lakini hata punda mvumilivu huanguka akinyimwa maji. Maji ya injini ni oili.

Ndani ya silinda kuna pistoni. Pistoni hupanda na kushuka maelfu ya mara kila dakika. Imevikwa ringi za chuma. Kati ya ringi na ukuta wa silinda kuna utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikosekana, chuma hula chuma.

Injini ya namna hii hubeba oili kiasi cha lita moja tu. Ikiwa kuukuu, hula kidogo kila siku. Ikipungua robo tatu ya lita, pikipiki inaweza kuendelea kutembea. Mwendeshaji hajui kwamba anaiua.

Tena fikiri juu ya mazingira yetu. Udongo wa kandokando ya mlima Meru ni wa volkano. Wakati wa kiangazi, vumbi la Oldonyo Sambu na Kisongo huingia kila mahali. Chujio la hewa likitoboka, vumbi huingia katika silinda na kuikwangua kama msasa. Wakati wa mvua, tope huganda kwenye mapezi ya silinda. Mapezi hayo ndiyo yanayopoza injini kwa upepo. Pikipiki inayopanda mlima polepole, ikiwa na gunia mgongoni na tope kifuani, hupata joto kali sana.

Tupige hesabu

Wengine husema, "Oili ni ghali." Haya, chukua kalamu. Bei hizi ni za mfano tu. Weka bei za dukani kwenu.

Tuseme chupa moja ya oili ni shilingi 10,000. Unaibadilisha kila baada ya wiki tatu. Ukifanya kazi siku 6 kwa wiki, hizo ni siku 18. Gawanya 10,000 kwa 18. Hazifiki shilingi 600 kwa siku.

Sasa tuseme injini imekufa. Fundi ameishusha na kuifungua.

Pistoni na ringi: shilingi 40,000.
Kukereza silinda: shilingi 20,000.
Vali na sili zake: shilingi 25,000.
Konrodi na beringi: shilingi 60,000.
Gasketi na oili mpya: shilingi 20,000.
Kazi ya fundi: shilingi 80,000.

Jumla ni shilingi 245,000. Lakini hesabu haijaisha. Pikipiki imelala gereji siku 5. Kila siku ingeleta shilingi 15,000. Umepoteza shilingi 75,000 nyingine. Jumla kuu ni shilingi 320,000.

Fedha hiyo ingenunua chupa 32 za oili. Chupa 32 zingetosha wiki 96. Hiyo ni karibu miaka miwili! Sasa niambie, ndugu, kipi ni ghali?

Nani alipe?

Hapa ndipo penye ugomvi. Tajiri anasema, "Mimi nataka hesabu yangu ya siku. Oili ni juu ya dereva." Dereva anasema, "Pikipiki si yangu. Kwa nini niinunulie oili?" Kila mmoja anamtazama mwenzake, na injini inakufa katikati yao. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Lakini hapa fahali nao huumia. Tajiri hukosa pikipiki, na dereva hukosa kazi.

Mimi nasema hivi. Fedha ya oili itolewe kwanza, kabla ya hesabu ya tajiri na kabla ya chakula cha dereva. Shilingi 600 ziwekwe katika kopo kila jioni. Tajiri akipokea pungufu kidogo leo, ameilinda mali yake. Na wewe dereva wa mkataba, kumbuka kwamba mkataba ukiisha pikipiki itakuwa yako. Je, unataka kukabidhiwa pikipiki au chuma chakavu?

Injini ikishakufa

Hata injini iliyotunzwa vizuri huchakaa mwishowe. Siku hiyo ikifika, usikubali kazi nusu. Baadhi ya watu hutia ringi mpya katika silinda iliyolika. Moshi hupungua kwa muda mfupi, kisha hurudi. Mwambie fundi aipime silinda mbele yako. Ikiwa imelika, ikerezwe na itiwe pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo hupanuliwa kwa hatua ya robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Soma namba iliyoandikwa juu ya pistoni yako.

Uliza bei yote kabla injini haijafunguliwa, na iandikwe. Gharama ikizidi nusu ya bei ya pikipiki kama hiyo ikiwa nzima, fikiri tena. Pengine ni heri kuiuza kwa spea. Lakini usikimbilie pikipiki mpya ya mkopo bila kupiga hesabu. Mtu aliyeua injini moja kwa kukosa oili ataua na ya pili, huku deni likimngoja.

Kalamu ni spana

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Elimu hiyo si ya darasani tu. Itumie hivi:

1. Kila asubuhi, pima oili kwa kijiti chake. Ikipungua, ongeza.

2. Soma chupa kabla ya kununua. Tafuta namba iliyotajwa katika kitabu cha pikipiki, kama 20W-50. Tafuta pia herufi JASO MA. Maana yake ni kwamba oili hiyo inafaa kwa klachi ya pikipiki. Kagua kifuniko kisiwe kimefunguliwa.

3. Nunua daftari dogo. Andika tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa na fedha iliyotoka. Tajiri na dereva watie sahihi wote wawili.

4. Safisha chujio la hewa mara kwa mara, hasa wakati wa vumbi. Ondoa tope kwenye mapezi ya injini.

Daftari hilo litamaliza ubishi. Tajiri hataweza kusema, "Hukubadilisha oili." Dereva hataweza kusema, "Nilibadilisha juzi," kama hakubadilisha. Na ukitaka kuiuza pikipiki yako, mnunuzi akisoma daftari ataamini maneno yako.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa pikipiki huzibwa kwa chupa moja ya oili na mstari mmoja wa kalamu.

Zungumzeni darasani

1. Katika kijiji chenu, nani hulipia oili ya pikipiki, tajiri au dereva? Je, ni haki?

2. Chupa ya oili ni shilingi ngapi dukani kwenu? Pigeni hesabu ya siku moja.

3. Je, mnakubaliana na maoni ya mwandishi? Toeni sababu.