Utani Usio na Watani

Kijana wa Dar es Salaam akikwambia kuwa kaka yake yuko Unyamwezini, usiharakishe kumtafuta Tabora. Katika lugha ya vijana wa mjini Unyamwezini ni Marekani, na Mnyamwezi ni Mmarekani, hasa yule Mweusi aimbaye na kuvaa kwa madaha. Wazee wa Pwani wa enzi ya misafara wangalishangaa sana. Kwao Mnyamwezi alikuwa mpagazi wa kutoka bara, aliyeshuka Bagamoyo na pembe ya ndovu begani, mgeni wa mji na wa bahari, mtu wa kuchekwa. Hata jina lenyewe hakujipa. Alipewa na hao hao wa Pwani.

Mzaha wa makabila haufi kwa kukatazwa. Hubadili mavazi kadiri kazi za watu zinavyobadilika. Mtazame Mmasai. Katika karne ya 19 misafara mingi ilikwepa nchi yake kwa kuuogopa mkuki wake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali ilipoendesha kampeni ya kumvisha suruali, aligeuzwa kuwa mfano wa mtu aliyekataa maendeleo (ingawa sijasikia suruali iliyomwongezea mtu ng'ombe hata mmoja). Leo ni mlinzi wa usiku mlangoni pa maduka, tena ni msusi hodari: binti wa mjini humkabidhi kichwa chake bila woga wowote. Mzaha nao umemfuata huko huko. Zamani alisemwa kwa mkuki, sasa anasemwa kwa kitana.

Wazee wetu hawakuliacha jambo hili lijiendee ovyo. Waliliwekea taratibu, wakaliita utani, na si kila mtu alikuwa mtani wa kila mtu. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikomaa katika njia ya misafara; ule wa Wahehe na Wangoni uliota juu ya vita walivyopigana baina ya miaka ya 1870 na 1880. Mtani aliweza kumchukua kuku wako uani bila kushtakiwa, au kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe ukacheka, kwa kuwa zamu yako ilikuwa inakuja. Lakini haki hiyo ilikuwa na gharama yake. Mpagazi aliyeugua mbali na kwao alipata mlango wa kubisha hodi kwa ajili ya utani. Penye msiba, watani walifika mapema. Mmoja alilala njiani kuizuia maiti isipite mpaka apewe chochote. Mwingine aliiga mwendo wa marehemu hata wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Kisha hao hao walishika majembe, wakateka maji, wakakesha.

Sasa linganisha na yanayotendeka katika sehemu zetu za kazi. Mtu humwambia mwenzake hadharani kwamba watu wa kwao ni wabahili, au washamba, au ombaomba, na akiuona uso wa mwenzake umebadilika husema, "Natania tu, bwana." Utani huo ameruhusiwa na nani? Mara nyingi msemaji ni msimamizi, na anayesemwa hathubutu kumrudishia. Wala siku ya msiba msimamizi huyo hataonekana. Mgogo ameitwa ombaomba na watu wasiojua habari ya Mtunya, ile njaa kuu iliyoikumba Ugogo baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza, katika Vita Kuu ya Kwanza, kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikakosekana. Maelfu walikufa. Kichekesho kimebaki, sababu yake imefukiwa.

Tena haya si maneno matupu. Mzee anayemkataa mchumba wa bintiye kwa ajili ya kabila hana hoja yoyote juu ya tabia ya kijana yule. Anacho kichekesho alichokisikia ujanani, pengine kilichokwisha kusahauliwa hata na wale waliokitunga. Binti analia ndani, na baba hawezi kueleza kisa.

Hapana shaka tumepiga hatua. Kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, na shule za bweni zilizochanganya watoto wa mikoa yote zilifanya kazi kubwa: aliyelala kitanda kimoja cha ghorofa na Mkurya kwa miaka minne hasadiki kila kisemwacho juu ya Wakurya. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Watoto wengi waliozaliwa Temeke au Mwananyamala hawaijui lugha ya babu zao. Hilo si kosa lao. Ila hawajui pia watani wao ni akina nani, wakati kejeli zote wanazijua.

Nenda kwenye msiba wowote mjini. Turubai ni la kukodi, viti ni vya kukodi, na mpishi pia. Hata hivyo, mara moja moja hutokea mzee wa makamo akaingia kwa kelele, akaketi juu ya sufuria la wali na kudai kwamba marehemu alikuwa na deni lake. Vijana humkodolea macho kwa hasira wakidhani amelewa, na wawili watatu huinuka ili wamtoe nje, mpaka bibi mmoja awaambie wakae chini, kwa maana huyo ana haki ya kuwapo pale kuliko wao.