Mjerumani Hakuzika, Alibeba

Kuanzia Same mpaka kwenye vijiwe vya wavuvi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, imani ni ileile: jiwe lenye alama ni ramani, na chini yake Mjerumani kazika rupia. Hutokea "mtaalamu" mwenye karatasi iliyochakaa, vijana wakachanga hela, na kesho yake pana shimo. Upuuzi mtupu, tena upuuzi wa hasara.

Mwaka 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka kwa kufuata Mto Pangani na reli ya Moshi–Tanga, Wajerumani wakirudi nyuma. Mwaka huohuo dhahabu ya mgodi wa Sekenke ilikuwa ikigongwa sarafu za rupia 15 kule Tabora, maana fedha ilikuwa imewaishia. Aliyebanwa hivyo azike dhahabu Upareni, kisha aiwekee alama mpita njia aione? Na walowezi wao walioruhusiwa kurudi mwaka 1925, wakalima hapa hadi Vita ya Pili ya Dunia, nani aliwazuia kufukua?

Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, wasaka rupia wamechimba mpaka ndani ya mapango. Baadhi ya michoro ile ina maelfu ya miaka. Mjerumani hata 150 hajatimiza tangu aje kutawala.

Kinachoniuma ni kile kinachotupwa kando ya shimo: mkaa, kibanzi cha jiwe chenye makali, kigae cha chungu. Mkaa ukikutwa umelala tabaka moja na kigae, maabara inaweza kukadiria chungu kilitumika lini. Sururu ikishavuruga tabaka, basi, umebaki na takataka. Maore, hapahapa Same, imeingia vitabuni kwa vigae vya namna hiyo, baada ya utafiti aliouchapisha mwanaakiolojia Robert Soper mwaka 1967.

Halafu kuna mafuvu. Wapare waliyahifadhi ya wazee wao mapangoni, na sururu ya mwenye tamaa haiulizi hili ni la ukoo gani. Mjerumani naye alikuwa na tamaa yake: mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyobebwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, takriban 200 yakitoka Tanzania ya leo. Anayetaka kumdai Mjerumani aanzie huko. Aking'ang'ania kuchimba hapa, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inamtaka kibali, hata kama ramani kapewa na mganga.