Si Kila Mbwa Aangukaye Ana Kichaa

Katika vijiji vya milima ya Uluguru, mbwa hafugwi kwa anasa. Usiku hulinda nyumba, na mchana huwafukuza ngedere na nguruwe mwitu mashambani. Lakini mlinzi huyo akianguka ghafla, akakakamaa, akatokwa na povu na kutupa miguu, ni rahisi hukumu kutolewa papo hapo: ana kichaa, auawe. Hukumu hiyo ina sababu yake, lakini hutolewa mapema mno.

Sababu yenyewe ni ya kweli. Kichaa cha mbwa bado kipo nchini, na mtu akishaonyesha dalili zake, karibu daima hufa. Hapana mzazi wa kulaumiwa kwa kuwahofia watoto wake. Hata hivyo, povu na mitukutiko ni dalili tu. Chanzo chake chaweza kuwa sumu ya panya au dawa ya wadudu wa mboga, pigo la kichwa, upungufu wa kalisi katika damu ya jike anyonyeshaye, au kifafa hasa, ambacho kwa kawaida huanza mbwa akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na miaka 6.

Mbwa mwenye kifafa hutukutika kwa dakika moja au mbili, kisha huamka akiwa amezubaa na kuyumba. Baadaye hurudia hali yake, hula na kumtambua bwana wake. Mwenye kichaa harudii hali yake. Tabia hubadilika, sauti hukwaruza, taya hulegea, naye kwa kawaida hufa katika muda wa siku 10 tangu dalili kuonekana. Lakini kwa kuwa kichaa nacho huweza kuleta mitukutiko, macho peke yake hayatoshi kuamua.

Basi mbwa akianguka, watoto wakae mbali, wala mtu asimtie mkono kinywani. Mbwa hamezi ulimi wake. Dakika zihesabiwe: zikizidi 5, hiyo ni dharura. Akiamka, afungwe mahali pa peke yake, na mganga wa mifugo aitwe. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate jerahani, aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingojee kuona kama mbwa atakufa.

Kifafa cha mbwa hutulizwa. Fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumiwa kwa kifafa cha binadamu mwaka 1912, hupewa mbwa pia, kwa kawaida mara 2 kwa siku. Haiondoi ugonjwa, bali hupunguza maanguko, na kuikatiza ghafla ni hatari. Morogoro ina bahati, kwani chini ya milima hiyo hiyo kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, ambacho hufunza waganga wa mifugo na kina hospitali ya wanyama.

Lakini ni nani atakayethubutu kumteremsha mjini kutoka Mgeta mbwa atokwaye povu? Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Atakayethubutu ni yule ambaye mbwa wake alichanjwa, na cheti anacho. Chanjo ya kichaa haizuii kifafa. Ila hupunguza sana shaka, na shaka ikipungua, mgonjwa hupata nafasi ya kupimwa. Wataalamu wanakubaliana kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kuenea.

Kweli, wapo wasioweza kumudu vidonge vya kila siku, na huenda mganga akashauri mnyama apumzishwe. Huo nao ni uamuzi wa haki, maadamu umetanguliwa na uchunguzi. Kijiji kinachochanja mbwa wake kila mwaka huwakinga watoto wake, na papo hapo humwepusha mlinzi wake na kifo cha dhana.