MAMBO YA NYUMBANI: RANGI IWE YA MWISHO



Mwezi huu twataka kusema habari za motokaa kuukuu, kwa kuwa wako waalimu na wazee wa nyumba wapendao kutengeneza motokaa ya zamani uani mwao, kidogo kidogo, baada ya kazi ya shule na shamba. Kazi hii ni njema, wala hatuilaumu. Humfundisha mtu saburi, na watoto hujifunza kutumia mikono yao. Lakini ina hatari, nasi tuliijua kwa kosa letu wenyewe.

Hapa Murangi tulipata Land Rover iliyokaa miaka mingi chini ya mwembe. Tukaipiga msasa, tukaipaka rangi ya kijani, hata majirani wakaja kuitazama. Injini ikawaka, tukampakia mama na watoto, tukaondoka. Kwenye mteremko wa kwanza tulikanyaga breki, na pedeli ikazama mpaka chini. Kama si kichuguu kilichotuzuia, tungaliwapiga watu waliokuwa wakitoka sokoni. Mungu alitulinda, hakuna aliyeumia. Mama akashuka, akatuuliza, “Baba, umeipamba hivi ili itupeleke wapi?” Hatukuwa na jawabu.

Tulipoifungua tuliona sababu. Breki za motokaa zile hufanya kazi kwa mafuta yapitayo katika mabomba membamba, na njia yake ni moja tu kwa magurudumu yote manne. Motokaa ikikaa bila kutumika, mipira iliyomo katika silinda za breki hukauka na kupasuka. Pakivuja mahali pamoja, magurudumu yote hukosa breki.

Tena tuliona jambo la pili. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948 mjini Amsterdam. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa haba Uingereza, kwa hiyo bodi yake iliundwa kwa alumini. Ndiyo sababu bodi haishiki kutu nyekundu, na mtu huidhania motokaa yote kuwa nzima. Lakini fremu iliyo chini ni ya chuma, nayo ina uwazi ndani kama sanduku. Matope na maji huingia, na kutu huila toka ndani. Tulipoigonga kwa nyundo ndogo, palipo pazima palilia kwa sauti kali, na palipooza palitoa sauti kama ya chungu chenye ufa.

Basi, twawapa shauri. Kwanza, hesabu gharama kabla ya kununua, wala ada ya watoto isiguswe. Pili, usiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Iegemeze juu ya magogo imara. Tatu, usioshe vyuma kwa petroli karibu na taa au jiko. Nne, usipulize vumbi la breki za zamani, kwa maana mara nyingi lina asbesto, nayo hudhuru mapafu. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, na watoto wakae mbali. Tano, tia nati za kila mahali katika kopo lake, na mtoto ajuaye kusoma aandike jina juu yake. Kisha anza na fremu, ufuate breki na usukani, halafu injini. Rangi iwe ya mwisho.

Twajiuliza sasa, ndugu: nyumba zetu nazo twazitengeneza kwa utaratibu gani? Yako mambo yaonekanayo na watu siku ya Jumapili, yaani mavazi safi na sauti nzuri za kuimba. Yako na yasiyoonekana: deni lisilolipwa, ahadi iliyosahauliwa, neno la ukali lisemwalo mlango ukiisha kufungwa. Hayo ya pili ndiyo fremu na breki. Siku ya mteremko ndiyo itakayoyafunua.

Motokaa yetu imeungwa fremu, na breki ni mpya. Mbele imebonyea pale ilipogonga kichuguu, wala hatujainyosha. Lakini Jumapili iliyopita mama alipanda mwenyewe, akawaita watoto, bila kuombwa na mtu.

Sisi ndugu zenu katika Bwana.